Vihusishi vya Kijerumani: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Akusativi, Dativi au Genitivi Bila Kubahatisha

Wasomaji wanaojifunza Kijerumani wamekuwa wakileta sentensi zenye kosa lilelile: *Ich fahre mit den Bus* (nasafiri kwa basi), *Ich gehe zu den Arzt* (naenda kwa daktari), *Ich bin in die Schule* (niko shuleni). Wengi wao wamekwisha kukariri orodha za vihusishi, yaani maneno kama *mit*, *zu* na *in*, na ukiwauliza watakutajia zote bila kukwama, lakini wakianza kuandika, akusativi hukaa mahali pa dativi na dativi mahali pa akusativi (hizi ni hali, yaani maumbo ambayo artikeli huchukua kulingana na kazi ya nomino). Kwa hiyo kinachowaangusha si orodha, bali ni maswali wanayojiuliza kabla ya kuandika artikeli (neno dogo kama *der*, *die* au *das* linalotangulia nomino), na mpangilio wa maswali hayo.

Chanzo kikubwa ni kanuni iliyozagaa madarasani kwamba penye mwendo pana akusativi. Vihusishi vingi havihusiki nayo kabisa, na hata kwa vile tisa vinavyohusika (Hatua ya 3), kanuni yenyewe imesemwa vibaya. Aliyeandika *mit den Bus* aliona basi linatembea, na aliyeandika *zu den Arzt* aliona miguu yake inakwenda. Wote wawili walifuata kanuni hiyo kwa uaminifu, na wote wawili wamekosea.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja la kazi hii pekee, pamoja na kalamu za rangi tatu: moja ya akusativi, moja ya dativi, moja ya genitivi. Ukishapanga rangi usizibadilishe.
- Kamusi inayoonyesha jinsia ya nomino na hali (*Kasus*) ambayo kila kihusishi kinaitaka. Kamusi ya Duden iliyomo mtandaoni inatosha. Ndani yake, *jmdn.* ni dalili ya akusativi na *jmdm.* ni dalili ya dativi.
- Simu ya kurekodi sauti yako.
- Jedwali lifuatalo, likiwa limeandikwa kwa mkono kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

| Hali | Kiume | Kike | Isiyo na jinsia | Wingi |
|---|---|---|---|---|
| Nominativi | der | die | das | die |
| Akusativi | den | die | das | die |
| Dativi | dem | der | dem | den (+ n) |
| Genitivi | des (+ s/es) | der | des (+ s/es) | der |

Maneno kama *ein*, *kein* na *mein* hufuata miisho hiyohiyo katika hali tatu za chini: *meinen Bruder*, *meinem Bruder*, *meines Bruders*. Kuna sehemu moja tu ya kuangalia: katika akusativi isiyo na jinsia, *das* inalingana na *mein* bila mwisho wowote, yaani *mein Kind*. Ongeza viwakilishi vya nafsi vinavyobadilika: *mich/mir*, *dich/dir*, *ihn/ihm*, *sie/ihr*, na kwa wingi *sie/ihnen*.

Angalia jedwali kwa makini. Kati ya nominativi na akusativi, kinachobadilika ni safu ya kiume peke yake. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kuandika ukurasa mzima wa nomino za kike na kudhani anaijua akusativi, kumbe hajajaribiwa. Katika kila zoezi, sentensi mbili za kwanza ziwe na nomino za kiume.

Tahadhari: Nomino yoyote unayoandika bila artikeli yake ni nomino usiyoijua bado. Kujua kwamba *mit* inataka dativi hakusaidii kitu ikiwa hujui kama *Schule* ni *der*, *die* au *das*.

## Hatua ya 1: Funga kundi la dativi

Anza na *aus, außer, bei, mit, nach, seit, von, zu, gegenüber* na *ab*. Hivi vinataka dativi, pawe na mwendo au pasiwe na mwendo. Tunaanza navyo kwa sababu vinatumika kila siku, na kwa sababu ndivyo vinavyoumizwa zaidi na kanuni ya mwendo.

Andika kila kimoja pamoja na nomino ya kiume, kwa rangi ya dativi: *mit dem Bus*, *zu dem Arzt*, *bei dem Nachbarn*, *seit einem Monat*, *von meinem Onkel*, *aus dem Laden*. Kisha jifunze ufupisho unaotumika katika usemi na maandishi ya kawaida: *zu dem* huwa *zum*, *zu der* huwa *zur*, *bei dem* huwa *beim*, *von dem* huwa *vom*. Ukikariri *zum Arzt* na *zur Schule* kama neno moja, hutaandika tena *zu den Arzt*.

Wingi wa dativi una mtego wake. Artikeli ni *den*, na nomino yenyewe huongezewa *n* isipokuwa kama tayari inaishia na *n* au na *s*: *mit den Kindern*, *mit den Frauen*, *mit den Autos*. Macho ya mwanafunzi yakiona *den* hudhani ni akusativi ya kiume, kwa hiyo akakutana na *mit den Kindern* kitabuni na kujiambia kwamba *mit* wakati mwingine huchukua akusativi. Haichukui kamwe.

Zipo pia nomino chache za kiume zinazoongezewa *n* au *en* kila mahali isipokuwa nominativi ya umoja: *der Student* lakini *mit dem Studenten*, *der Kollege* lakini *bei dem Kollegen*, *der Herr* lakini *mit dem Herrn*.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kutamka *mit* pamoja na nomino kumi za jinsia zilizochanganyika, ukajirekodi, na ukisikiliza usisikie pahali uliposita kabla ya artikeli.

## Hatua ya 2: Funga kundi la akusativi

Hapa pana vihusishi vichache: *durch, für, gegen, ohne, um* na *bis*. Navyo havijali mwendo. *Das Geschenk ist für den Lehrer* haina mwendo wowote, lakini ni akusativi.

*Bis* peke yake hukaa na maneno yasiyo na artikeli: *bis Montag*, *bis Berlin*. Artikeli ikihitajika, *bis* huita kihusishi cha pili, na hicho cha pili ndicho kinachoamua: *bis zum Bahnhof* ni dativi kwa sababu ya *zu*, ilhali *bis an die Tür* ni akusativi kwa sababu mtu anafika mlangoni kutoka kwingine.

## Hatua ya 3: Vihusishi tisa vya njia mbili

*An, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen.* Hivi ndivyo pekee ambavyo mahali na uelekeo vinaamua hali. Tumia muda mwingi hapa kuliko hatua nyingine yoyote.

Swali la kujiuliza si kama kuna mwendo. Swali ni hili: je, tendo linakipeleka kitu mahali ambapo hakikuwapo mwanzo? Ikiwa ndiyo, sentensi inajibu *wohin?* (kwenda wapi?) na unaandika akusativi. Ikiwa tendo zima, hata liwe la mbio kiasi gani, linafanyika ndani ya eneo hilohilo, sentensi inajibu *wo?* (mahali gani?) na unaandika dativi.

*Das Kind läuft in den Park.* Mtoto alikuwa nje, anakimbilia bustanini.

*Das Kind läuft im Park.* Mtoto yumo bustanini tayari, anakimbia humo.

Kiswahili kina kipimo kizuri hapa ambacho wanafunzi wengi hawakitumii. Pale ambapo ungesema *kukimbilia*, *kurukia* au *kuangukia*, Kijerumani mara nyingi kitataka akusativi. Pale ambapo kitenzi kinatosha bila kiambishi hicho cha *-ia* au *-lia*, tazama kwanza dativi. Paka akirukia mezani, *die Katze springt auf den Tisch*. Akiwa mezani anarukaruka, *die Katze springt auf dem Tisch*. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwa kila kitenzi, lakini kinakuzuia kuutazama mwendo wenyewe, nacho kinakurudisha kwenye swali sahihi.

### Vitenzi vya jozi

Kijerumani kina jozi za vitenzi ambazo zinaonyesha tofauti hii waziwazi. Kimoja kinaweka, kingine kinaeleza hali ya kilichowekwa.

*Ich stelle den Topf auf den Herd. Der Topf steht auf dem Herd.*

*Ich lege das Handy unter das Kissen. Das Handy liegt unter dem Kissen.*

*Ich setze mich auf den Stuhl. Ich sitze auf dem Stuhl.*

*Ich hänge das Bild an die Wand. Das Bild hängt an der Wand.*

Fanya zoezi hili jikoni kwako, si mezani pa kusomea. Shika sufuria, iweke juu ya jiko huku ukisema sentensi ya kwanza kwa sauti. Ondoa mkono, itazame, kisha sema ya pili. Fanya hivyo kwa kikombe, kisu, taulo na viatu. Mkono ukiwa bado umeshika kitu, ni akusativi. Mkono ukishakiachia, ni dativi.

Katika wakati uliopita jozi ya *hängen* hutengana: *ich hängte das Bild an die Wand*, lakini *das Bild hing an der Wand*.

Tahadhari: *Ankommen*, *landen* na *parken* vinaonekana kama vitenzi vya kuelekea mahali, lakini vinataka dativi. *Ich komme am Bahnhof an. Das Flugzeug landet auf der Insel. Ich parke vor dem Haus.* Kijerumani kinauona mwisho wa safari kama mahali ulipo, si mahali uendako.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kueleza, bila kutazama kitabu, kwa nini ndege inayozunguka juu ya mji ni *über der Stadt* na ile inayovuka milima ni *über die Alpen*.

## Hatua ya 4: Tenganisha ulipo, uendako na utokako

Msemaji wa Kiswahili husema *niko sokoni*, *naenda sokoni*, *natoka sokoni*. Neno *sokoni* halibadiliki. Kitenzi ndicho kinachobeba kazi yote. Hali kadhalika *niko kwa daktari*, *naenda kwa daktari*, *natoka kwa daktari*. Kijerumani kinabadilisha kihusishi, au artikeli, au vyote viwili, na hapa ndipo sentensi kama *Ich bin in die Schule* zinapozaliwa.

Andika mahali kwa safu tatu, na usiandike safu moja bila nyingine mbili:

- *auf dem Markt – auf den Markt – vom Markt*
- *in der Schule – in die Schule – aus der Schule*
- *beim Arzt – zum Arzt – vom Arzt*
- *am Meer – ans Meer – vom Meer*
- *zu Hause – nach Hause – von zu Hause*
- *in Nairobi – nach Nairobi – aus Nairobi*
- *in der Schweiz – in die Schweiz – aus der Schweiz*

Mtu hafuatwi kwa *in* wala *nach*. Kwa mtu unakwenda kwa *zu* na unakaa kwa *bei*. Miji, na nchi zisizo na artikeli, huendewa kwa *nach*: *nach Tansania*, *nach Kenia*, *nach Deutschland*. Nchi zenye artikeli huendewa kwa *in* na akusativi: *in die Türkei*, *in die USA*. Ukiwa kisiwani unatumia *auf*, ndiyo maana husemwa *auf Sansibar*, lakini safari ya kwenda huko ni *nach Sansibar*.

Utokapo mahali ulipokuwa kwa *in*, tumia *aus*. Utokapo mahali ulipokuwa kwa *an*, *auf* au *bei*, tumia *von*.

## Hatua ya 5: Wakati

Sehemu hii ni fupi. *An, in, vor* na *zwischen* vinapotaja wakati huchukua dativi: *am Montag*, *im Juli*, *vor einer Woche*, *in zwei Monaten*. *Über* huchukua akusativi: *übers Wochenende*. Maneno ya wakati yasiyo na kihusishi nayo huwa katika akusativi: *jeden Tag*, *nächsten Monat*.

*Seit* ina jambo moja la ziada. Kitenzi chake hukaa katika wakati uliopo ikiwa tendo linaendelea: *Ich lerne seit einem Jahr Deutsch.*

## Hatua ya 6: Vitenzi vinavyokuja na kihusishi chao

Katika *Ich warte auf den Bus* hakuna aliyepanda juu ya basi. Hapa *auf* imeacha maana yake ya mahali na imekuwa sehemu ya kitenzi, kwa hiyo swali la *wo?* na *wohin?* halina kazi tena. Anayeliuliza atajibu kwamba anayesubiri amesimama tu, ataandika dativi, na atakuwa amekosea.

Kuna mwelekeo unaosaidia. Katika matumizi haya yasiyo ya mahali, *über* huchukua akusativi, na *auf* huchukua akusativi katika vitenzi vingi: *sprechen über*, *sich ärgern über*, *warten auf*, *hoffen auf*, *antworten auf*, *sich vorbereiten auf*. *Bestehen auf* hujitenga na kuchukua dativi. *Vor* huchukua dativi: *Angst haben vor dem Hund*, *warnen vor*.

*An* ndiyo ngumu, kwa sababu imegawanyika. *Denken an, glauben an, sich erinnern an, sich gewöhnen an* ni akusativi. *Teilnehmen an, arbeiten an, leiden an, zweifeln an* ni dativi. Sijaona njia ya mkato inayoaminika hapa. Andika kila kitenzi na sentensi yake yenye nomino ya kiume: *Ich denke an den Brief. Ich nehme an dem Kurs teil.* Ukiandika kwa nomino ya kiume, sentensi yenyewe inakuonyesha hali, wala huhitaji kuandika pembeni *Akk.* au *Dat.*

Angalia pia *sich freuen*: *auf* ni kwa jambo linalokuja, *über* ni kwa lililokwisha kutokea au lililopo. Zote mbili ni akusativi.

## Hatua ya 7: Genitivi

*Während, wegen, trotz, statt, innerhalb, außerhalb, aufgrund.* Andika *während des Unterrichts*, *wegen des Regens*, *trotz der Hitze*. Usisahau *s* au *es* mwishoni mwa nomino za kiume na zisizo na jinsia.

Ukizungumza na Wajerumani utawasikia wengi wakisema *wegen dem Regen*. Katika mazungumzo hakuna atakayeshangaa, lakini katika mtihani wa kuandika na katika barua ya kuomba kazi, tumia genitivi. Kukiwa na nomino ya wingi isiyo na artikeli, genitivi haionekani, na hapo Kijerumani hutumia njia nyingine: *innerhalb von drei Tagen*.

## Hatua ya 8: Vihusishi vinavyokaa baada ya nomino

Vitabu vingi vya kuanzia huvipitia haraka, na kwa hiyo wanafunzi hukutana navyo katika matini za B1 (kiwango cha kati) na kupotea. Msomaji akifika kwenye nomino anakuta tayari imebadilika hali, lakini chanzo chake bado hakijaonekana. Soma hadi mwisho wa fungu kabla ya kuamua.

*Entlang* ikikaa nyuma huchukua akusativi: *Wir gehen den Fluss entlang.* Ikitangulia, kwa kawaida huchukua genitivi: *entlang des Flusses*. Wengi huona ni rahisi zaidi kuandika *am Fluss entlang*, ambapo dativi inatoka kwa *an*.

*Gegenüber* ni dativi popote inapokaa. Pamoja na nomino inaweza kutangulia au kufuata: *gegenüber dem Bahnhof*, *dem Bahnhof gegenüber*. Pamoja na kiwakilishi hufuata: *Er sitzt mir gegenüber.*

*Nach* yenye maana ya "kwa mujibu wa" mara nyingi hukaa nyuma, na dativi yake haibadiliki: *meiner Meinung nach*. Fungu hili likariri zima, kwa sababu utalihitaji katika kila insha ya kutoa maoni. *Zufolge* nayo hufuata: *dem Bericht zufolge*. Vilevile *zuliebe*: *meiner Mutter zuliebe*.

Kisha kuna vile vinavyoizunguka nomino: *um des Friedens willen* kwa genitivi, na *vom ersten Tag an* kwa dativi inayotoka kwa *von*.

## Hatua ya 9: Sahihisha aya nzima

Chukua aya hii, yenye makosa ambayo wasomaji huyarudia:

*Seit einen Monat wohne ich bei meine Tante in die Nähe von den Bahnhof. Jeden Tag fahre ich mit den Bus in der Stadt und gehe durch dem Park zu die Schule. Wegen dem Regen warte ich heute vor das Kino auf meiner Freundin.*

Pigia mstari kila kihusishi, kisha uliza kwa mpangilio huu. Je, ni cha kundi lenye hali moja tu? Ikiwa ndiyo, andika hali hiyo na usiulize kingine. Ikiwa ni kimojawapo cha vile tisa, je, kimefungwa na kitenzi? Je, kinataja wakati? Baada ya kujibu hapana mara mbili ndipo unapouliza *wo?* au *wohin?*

*Seit, bei, von, mit* na *zu* zinaisha katika swali la kwanza: *seit einem Monat, bei meiner Tante, vom Bahnhof, mit dem Bus, zur Schule*. *Durch* nayo: *durch den Park*. *Wegen* nayo: *wegen des Regens*.

Zinabaki nne za njia mbili. *Auf* imefungwa na *warten*, kwa hiyo *auf meine Freundin*. *In die Nähe* inamweleza mtu anayeishi hapo, kwa hiyo *in der Nähe*. Basi linampeleka mjini kutoka kwingine, kwa hiyo *in die Stadt*. Na mbele ya sinema amesimama tu, kwa hiyo *vor dem Kino*. *Jeden Tag* haina kihusishi, na ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

*Seit einem Monat wohne ich bei meiner Tante in der Nähe vom Bahnhof. Jeden Tag fahre ich mit dem Bus in die Stadt und gehe durch den Park zur Schule. Wegen des Regens warte ich heute vor dem Kino auf meine Freundin.*

Sasa andika aya yako yenye urefu huohuo kuhusu siku yako ya jana, iache hadi kesho yake, kisha isahihishe kwa kalamu za rangi. Pembeni mwa kila artikeli inayotawaliwa na kihusishi andika sababu kwa neno moja: kundi, kitenzi, wakati, *wo* au *wohin*. Artikeli ambayo huwezi kuiandikia sababu ihesabu kuwa kosa hata kama imetokea kuwa sahihi, na urudi kwenye hatua yake. Aya tatu mfululizo zikiwa na sababu kwa kila artikeli, na kamusi ikikubaliana nazo, unaweza kuacha rangi na kuandika kwa kalamu moja.